Nyumba ya Kusubiri Mboga

Kwanza nieleze jinsi chakula kinavyoliwa nyumbani kwa mwanangu Wilibrodi, hapa Pito, maana mgeni akiingia bila kuambiwa atadhani ametukuta tumetoka kugombana.

Ugali unatengwa, kila mtu na sahani yake. Tunanawa, tunasali, halafu tunakaa kimya. Mboga iko ndani ya bakuli, bakuli liko ubavuni mwa mkwe wangu Zita, na mkono wa Zita uko juu ya kifuniko kama anazuia kifaranga asitoke. Wote tunamtazama mjukuu wangu Victor. Victor anatazama mlango. Tunaendelea kukaa hivyo, watu wazima wenye akili zetu, huku ugali ukipoa.

Haya yote aliyaleta mwalimu Rahel.

Victor ana miaka tisa na hasemi. Masikio yalipimwa, madaktari wakayasifu. Baadaye wakatupa neno usonji tukarudi nalo nyumbani, na baada ya hapo Victor akawa yule yule wa jana, ila sisi tulikuwa na neno. Mimi sikuona tatizo kubwa. Akitazama ndoo, ana kiu. Akivuta sweta langu, anataka kulala. Akizunguka mti wa parachichi, ana jambo linamuudhi, mwache. Salamu nilimfundisha mwenyewe akiwa mdogo: akiona mtu mzima, anachuchumaa, anapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyopinda, kama tulivyolelewa sisi Wafipa. Wapo watoto wenye midomo mikubwa mjini hawana hata robo ya adabu hiyo. Sasa mtoto mwenye adabu, na bibi anayejua kila anachotaka, maneno ya nini?

Lakini Zita akasikia kwamba shule moja kule Milanzi imefungua kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, akampeleka. Mwezi wa pili tukaitwa kikao cha wazazi. Tulikalia viti vya watoto, magoti karibu na videvu, na mwalimu Rahel akasimama mbele. Ni binti mwembamba wa Bukoba, mwenye subira ya kuudhi.

"Wazazi wangu," akasema, "watoto hawa tunawahi mno kuwasaidia. Mtoto hajatamani maji, kikombe kimeshafika. Ataomba ili iweje? Naomba huko nyumbani tujifunze kuchelewa. Mpe ugali, mboga shikilia. Mpe kikombe, uji shikilia. Mtazame usoni, nyamaza, subiri."

Kila mzazi alikuwa na shule yake kichwani. Christopha, fundi baiskeli, alisimama kulalamika kwamba alimnunulia binti yake daftari kubwa na mpaka siku hiyo lilikuwa na embe moja tu, tena embe lenyewe halijapakwa rangi likaisha. Yeye alitaka mtoto aandike jina, mengine yatafuata mbele ya safari. Masanja, mfugaji aliyehamia huku kutoka Shinyanga, akasema ng'ombe wa kulimia hamsubiri aombe jembe. Anamfunga pamoja na mwenzake anayejua, basi, msimu mmoja amehitimu.

"Na Mayunga wako umemfunga na nani?" mwalimu akamuuliza, bila kejeli yoyote.

Masanja akafikiri. "Na mama yake."

"Anaendeleaje?"

"Mama yake amechoka."

Tulicheka, na yeye akacheka. Kisha nikasimama mimi. Nikasema kumwekea mtoto ugali ukashikilia mboga, kwetu kunaitwa kunyima, na mtu mwenye kipaji cha kunyima hana haja ya kwenda chuo, anajifunza kwao bure.

"Bibi, hatumnyimi," mwalimu akasema. "Akionyesha dalili yoyote, akinyoosha kidole, akitoa sauti, mpe papo hapo. Asipoonyesha, mpe pia, asilale njaa. Ila msubiri kwanza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka uone umeshindwa kuvumilia. Halafu subiri tena kidogo."

Nikakaa. Sikuwa nimeshindwa hoja. Kiti ndicho kilichonivuta.

Tulipofika nyumbani, Wilibrodi alikuwa anapiga randa mlango wa mtu pale uani. Mwanangu ni seremala, na mambo yake yote huyapima kwanza ndipo akate. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akapuliza maranda.

"Mimi sikatai," akasema. "Nampa mwalimu mpaka shule zifungwe mwezi wa sita. Victor akiwa ameomba kitu kwa mdomo wake, atabaki hapo. Asipoomba, kaka Felisian atakuja kumchukua."

Felisian ni mtoto wa shemeji yangu, yaani wa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Kwao ni Mpui, lakini yeye ni mlezi katika bweni la watoto wa namna ya Victor, mkoa mwingine kabisa, unapanda basi alfajiri na giza linakukuta bado uko njiani. Wilibrodi alikuwa amesikia kwamba huko watoto wanafundishwa maneno asubuhi mpaka jioni na wengine wanarudi wanasema. Hakuwa na ubaya. Alitaka kumsikia mwanawe akisema baba, basi. Na mambo yake ni yale yale ya kupima: siku hiyo hiyo akachukua mbao zilizobaki akaanza kutengeneza sanduku la bweni, lenye bawaba na mahali pa kufuli.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka usingizi ukanipungua. Victor hajawahi kulala katika nyumba nisiyokuwamo. Nani huko bwenini angejua habari za kuvuta sweta? Hivyo mimi niliyeipinga njia ya mwalimu Rahel mbele ya kikao kizima, sasa ndiye niliyekuwa naiombea kila Jumapili kanisani ifanye kazi.

Shida ni kwamba kuiombea ni rahisi kuliko kuifuata.

Siku ya kwanza Zita aliposhikilia bakuli la maharage, nilivumilia kidogo sana. "Mpe," nikasema.

"Asubiri kidogo, mama."

"Mpe mtoto, mboga inapoa."

"Mama, naye asikie njaa ya kuomba."

"Mpe, bwana," akasema Wilibrodi, "nina mlango wa watu pale nje."

Ikawa ndiyo sala yetu ya mezani. Mchana mpe, jioni mpe. Siku nyingine alianza Wilibrodi nikamalizia mimi. Zita alikuwa anatikisa kichwa tu huku ameng'ang'ania kifuniko. Na mwenye karamu yake, Victor, alikuwa anakula ugali mtupu. Alikata tonge, akalifinyanga, akatafuna, ametulia utadhani hajawahi kusikia habari za maharage duniani. Ugali ukiisha, Zita anakata tamaa, anampakulia mboga, naye anaila peke yake kwa vidole viwili. Baada ya wiki chache tukaelewa kwamba mtoto amejipangia utaratibu: kwanza ugali, baadaye mboga. Alikuwa amejua kusubiri kuliko sisi wote, akiwamo mwalimu.

Nikajaribu kumsaidia kwa njia yangu. Zita anaposhikilia bakuli, nami namkonyeza Victor, nalitazama bakuli, namtazama yeye, nalitazama bakuli. Nilikohoa. Siku moja nililisogeza bakuli lenyewe kwa mguu. Zita akanihamisha, akaniweka upande wa dirishani nyuma ya mgongo wa mtoto.

"Macho yako yanamwombea, mama," akasema, "na yeye anajua."

Nilinuna siku hiyo. Baadaye nikakumbuka kwamba anayejua kuwa macho yangu yanamwombea ni mtoto mwenye akili, na nikanuna kidogo tu.

Mwezi wa tano ukapita. Victor aliomba kwa kidole mara kadhaa shuleni, mwalimu Rahel akatuletea habari hizo akiwa na furaha kama amezaa. Wilibrodi alifurahi naye, kisha akarudia sharti lake: kwa mdomo. Sanduku likapakwa vanishi, likawekwa karibu na mlango likauke. Nilikuwa nikipita pale nageuza uso.

Felisian alikuja Jumamosi, wiki ile shule zilipofungwa. Ule ndio msimu wetu wa baridi. Upepo ulikuwa unavuma toka asubuhi na yeye alishuka kwenye pikipiki amejifunika koti mpaka puani. Ni mtu mzuri, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Poleni na baridi."

Victor akatokea, akachuchumaa, akampigia makofi ya salamu. Felisian akafurahi sana. Akatoa pipi mfukoni, akaiinua juu.

"Victor, sema pipi. Pi-pi." Akangoja kidogo, si sana. "Sema baba mkubwa anisikie. Pi-pi. Pi. Sema pi tu."

Victor akaitazama pipi na midomo ya baba yake mkubwa, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole vifungo vya koti. Felisian akasema pi mara nyingi hivi kwamba jogoo wa jirani akaitikia.

"Atakuja tu," akamwambia Wilibrodi. "Wote huanza hivyo. Kesho tukiondoka na basi la alfajiri, Krismasi mtamsikia."

Zita alikuwa mlangoni. Akageuka akaenda jikoni, na nilipomfuata nilimkuta anamchinja jogoo wetu kwa hasira ambayo jogoo hakustahili. Nilimshikia beseni la manyoya, naye machozi yalikuwa yanamdondoka humo humo.

Mchana ukatengwa ugali wa ulezi na kuku. Tulikaa sebuleni, mgeni kwenye kiti kikubwa, Victor kwenye kigoda karibu na mama yake, mimi dirishani kwenye kifungo changu. Victor ndiye aliyenawisha watu, kazi anayoipenda. Anashika jagi kwa mikono miwili na hamwagi nje ya beseni. Tukasali. Zita akakaa, akaweka mkono juu ya kifuniko cha bakuli.

Na sote tukanyamaza.

Hakuna aliyepanga. Ndiyo mazoea yalivyo. Wilibrodi alinyamaza, mimi nilinyamaza, tukamgeukia Victor kama siku zote, na nikamwona Zita akishituka kwamba mgeni naye ana sahani ya ugali mtupu mbele yake na hajaambiwa lolote. Mkono wake ukainuka kidogo kutoka kwenye kifuniko. Kisha akatazama sanduku pale mlangoni, akaurudisha.

Felisian hakujua aangalie wapi. Alitazama bakuli, akatazama dari, akamtazama Wilibrodi, ambaye alikuwa anamtazama Victor. Nilijua anachofikiri maana ningefikiri hivyo hivyo: kwamba kuku alikuwa mdogo, kwamba mboga haitoshi, kwamba nyumba hii ina shida na wanaona aibu kusema. Mtu aliyelelewa kwetu haombi mboga ugenini. Kula kilichowekwa, shukuru, ondoka. Ukiomba, utasimuliwa mpaka na wajukuu. Basi Felisian akakata tonge, akalifinyanga vizuri, akalibonyeza kwa dole gumba kana kwamba kuna mchuzi wa kuchota, akalitia mdomoni kavu.

"Ulezi wa mwaka huu umekubali," akasema.

Hakuna aliyemjibu. Akakata la pili.

Nilikuwa naungua. Mgeni, mtoto wa shemeji yangu, anakula ugali mtupu nyumbani kwa mwanangu huku harufu ya kuku inatutoa mate. Nikafungua kinywa niseme lile neno langu. Zita akanigeukia. Sijui kama mwalimu Rahel ndiye aliyemfundisha kutazama vile au ni hasira ya mzazi, ila nilifunga kinywa. Felisian akameza, ikakwama, akajipiga kifua taratibu ili tusione. Akakata la tatu.

Victor aliacha kutazama mlango.

Aliutazama mkono wa baba yake mkubwa ukienda mdomoni na kurudi. Akatazama sahani ya mgeni. Akamtazama mama yake, na ile ilikuwa sura ninayoijua, sura ya kuzunguka mti wa parachichi. Yeye kula ugali mkavu ni utaratibu wake, lakini hili halikuwa kwenye utaratibu wowote aliowahi kuuona. Akashika mkono wa Zita pale juu ya kifuniko, akauvuta.

"Mpe," akasema.

Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyoiwazia miaka yote hiyo, na ilikuwa na haraka, na ukali kidogo. Ilikuwa sauti yangu. Lile neno alilolisikia juu ya kila sahani tangu mwezi wa pili, mimi na baba yake tukilirusha huku na huku juu ya kichwa chake, alikuwa ameliokota akaliweka. Na kwa kuwa mama yake alikuwa ameduwaa, akavuta tena mkono na kumwonyesha mgeni kwa kidevu.

"Mpe."

Zita akafunua bakuli. Alimpakulia Felisian paja, akamwekea la pili, akamwekea firigisi, akamwagia mchuzi mpaka ugali ukaelea, na bado alikuwa anapakua. Nililia bila kujificha. Wilibrodi alisimama, akasema anakwenda kuangalia kama mbao zimefunikwa, na alibaki nje muda mrefu siku ambayo haikuwa na hata wingu.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na Felisian alikuwa ameshaelezwa mambo ya bakuli. Alicheka kwanza, kisha akarudi kwenye kazi yake, kama walivyo watu wa kazi.

"Ni hatua kubwa, sikatai," akasema huku anafuta mchuzi kidevuni. "Ila kitaalamu, hakuomba. Kuomba ni mtu kuomba chake. Huyu amemwombea mwingine. Yeye mwenyewe sahani yake bado kavu na wala hajasema kitu. Kwetu bwenini, hilo tusingeliandika kuwa ni ombi."

Wilibrodi akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Nikaona anapima.

"Felisian, baba yangu," nikasema kutoka dirishani. "Wewe unafundisha watoto kuomba, sivyo?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Matonge matatu makavu. Kuku unamsikia harufu, bakuli liko mbele yako, na mdomo Mungu alikupa mzima. Mbona hukuomba chako?"

Felisian akaacha kutafuna. Akatazama firigisi.

"Nilikuwa nasubiri," akasema mwishowe.

"Basi na yeye alikuwa anasubiri. Na aliyekuombea ni nani?"

Wilibrodi alianza kucheka polepole, tumbo tu, halafu akashindwa kujizuia, na Felisian akamfuata, maana nimesema ni mtu mzuri. Victor alikuwa hana habari nao. Mama yake alimwekea kuku, naye akasubiri ugali uishe kwanza, akaanza kula kwa vidole viwili.

Jumapili alfajiri Felisian aliondoka peke yake. Wilibrodi alimsindikiza stendi, akarudi, akalikalia lile sanduku. Kisha akalibeba mwenyewe mpaka jikoni, na leo Zita anahifadhia humo unga wa ulezi. Panya hawaingii. Kikao kijacho Wilibrodi amesema atakwenda yeye, akae kwenye vile viti vidogo, amweleze Christopha kwamba embe la binti yake nalo linataka kusubiriwa. Mwalimu Rahel alipopewa habari hizi aliuliza jambo moja tu, ni nani nyumbani anasema mpe mara nyingi, na Zita akanitaja jina bila huruma.

Msidhani mtoto sasa anahutubia. Ana maneno machache na anayatoa anapoona inafaa. Sweta langu bado analivuta. Lakini jioni ile ile ya Jumapili, tulipokaa kula maharage, alikuja na jagi na beseni kunawisha, akaanza kwa baba yake, akaja kwangu. Nikanyoosha mikono juu ya beseni.

Maji hayakuja.

Nikatikisa vidole. Nikalitazama jagi, nikamtazama yeye, nikalitazama jagi. Nikakohoa. Victor alisimama ameshika jagi kwa mikono miwili, ananitazama usoni, mdomo kimya, uso mkunjufu, hana haraka yoyote. Nimewahi kumwona mtu anayesimama hivyo, mbele ya kikao cha wazazi kule Milanzi.

Zita alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. "Omba, mama," akasema.

Nimelea watoto, nimewaoza, nimezika mume, na sijawahi kuomba maji ya kunawa nyumbani kwa mwanangu mwenyewe. Mikono ilianza kunichoka pale juu. Mtoto alikuwa bado anasubiri.

"Naomba maji, Victor," nikasema.

Akanimiminia papo hapo, mengi mpaka yakanilowesha kitenge, na mimi nikanawa.